Kabla ya Venice, Tuizuru Kitale na Bungoma

Wahenga walituachia methali mbili ambazo kwa muda mrefu nilidhani zinapingana. Ya kwanza hutuhimiza: tembea uone. Ya pili hutuonya kwamba mtembezi hula miguu yake. Nilipokuwa mwanafunzi niliipenda ile ya kwanza. Nilipokuwa mwalimu, mwenye jukumu la kukusanya nauli za ziara za shule, nikaanza kuielewa ile ya pili. Hivi leo naamini kwamba zote mbili ni za kweli. Umbali wa safari si hoja. Hoja ni namna msafiri anavyoyatumia macho, masikio na ulimi wake afikapo aendako.

Nilizaliwa viungani mwa Kitale na nimefundisha historia huko Bungoma kwa zaidi ya miaka ishirini. Miaka michache iliyopita nilibahatika kuwa katika kikundi kidogo cha walimu walioalikwa kuishi na familia za Italia kwa majuma matatu. Tulipitia Turin, Bologna, Florence na Siena, na mwishoni tukapewa siku moja ya kuiona Venice. Nilikwenda huku kichwa changu kimejaa majina ya wachoraji na wafalme. Nilirudi nikiwa na kumbukumbu ya mambo madogo madogo, na mambo hayo ndiyo yaliyonisukuma kuishika kalamu hii.

Nianze na kahawa. Katika miji ya Italia, mtu huingia mkahawani, akanywa kikombe chake kidogo akiwa amesimama mbele ya kaunta, akasalimiana na mwenye duka, akaenda zake. Akiketi mezani, aghalabu atalipa zaidi. Kahawa yenye maziwa mengi ni ya asubuhi. Mtu akiiagiza baada ya chakula cha mchana, kila aliyepo hutambua mara moja kwamba huyo ni mgeni. Hakuna sheria yoyote iliyoandikwa kuhusu jambo hilo, wala hakuna anayetozwa faini. Hata hivyo, nilijifunza mengi zaidi kuhusu watu wale kupitia kikombe hicho kuliko kupitia kasri lolote nililoonyeshwa.

Kisha kuna chakula. Mama mwenyeji wangu huko Turin alisonga unga wa mahindi katika sufuria, akaumimina juu ya ubao, ukatulia pale kama mwezi mpevu. Wao huuita polenta. Nilipouona sikuweza kujizuia, nikasema kwa sauti, "Ugali!" Alitaka kujua sisi huusonga kwa muda gani, na kama tunatia chumvi. Tulizungumza kuhusu unga kwa saa nzima, ilhali kuhusu siasa tulikuwa tumemalizana kwa dakika tano. Nilipofika Florence nikakuta mkate wao hautiwi chumvi, nao wanajivunia jambo hilo kana kwamba chumvi ni ushamba. Bologna nayo ina barabara zenye vibaraza vilivyoezekwa, ambavyo mwaka 2021 viliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Jioni wakazi hutembea chini yake taratibu, mvua inyeshe au isinyeshe, bila ya kwenda popote, ili mradi waonane na wenzao.

Sababu ya tofauti hizi ni ya kihistoria. Italia kama taifa moja ni changa kuliko wengi wetu tunavyodhani, kwani ufalme wake ulitangazwa mwaka 1861. Kabla ya hapo kila mji mkubwa ulikuwa au uliwahi kuwa dola, wenye sheria zake, lahaja yake na hata mkate wake. Wana neno lao kwa mapenzi haya ya mji: campanilismo. Linatokana na mnara wa kengele wa kanisa, yaani mtu huyapenda yale yote yanayofikiwa na sauti ya kengele ya kwao.

Yaliyonipata Siena ndiyo yaliyonitia haya. Mji huo umegawanyika katika mitaa 17, kila mmoja ukiwa na bendera yake na mnyama au alama yake. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 2 Julai na tarehe 16 Agosti, mitaa hiyo hushindana kwa mbio za farasi katika uwanja wa katikati ya mji. Mtoto wa wenyeji wangu, mvulana wa umri wa miaka kumi hivi, alinishika mkono akanitembeza mtaani kwao. Alinionyesha mpaka wa mtaa wake, akanieleza alama yake, akanitajia mtaa ambao ni hasimu wao, na miaka ambayo farasi wao alishinda. Hakuwa akisoma popote. Alipomaliza akaniuliza, "Na mji wako una nini?"

Nikamjibu kwamba nilizaliwa Kitale, mji wa mahindi.

"Kwa nini mahindi?" akauliza.

Msomaji mpendwa, nina shahada, na nimesahihisha maelfu ya insha za historia. Sikuwa na jibu. Nilisema kitu kuhusu mvua na udongo, mvulana yule akatikisa kichwa kwa adabu, tukaendelea na safari yetu.

Niliporejea Bungoma niliwauliza wanafunzi wangu ni nani aliyewahi kusikia habari za Venice. Darasa zima liliinua mikono. Nikauliza ni nani aliyewahi kuingia katika makumbusho ya Kitale, mwendo usiozidi saa mbili kwa matatu kutoka pale tulipokuwa. Mikono mitatu ikainuka. Nikauliza ni nani angeweza kunieleza yaliyotokea Chetambe. Kimya. Sikuwakemea. Kama kuna aliyestahili kukemewa, alikuwa amesimama mbele ya ubao na chaki mkononi.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kuizuru miji yangu miwili kama nilivyoizuru ile ya ugenini, na yafuatayo ni machache kati ya niliyoyakuta.

Kitale ya leo ilijengwa na mambo mengi yaliyokutana. Walowezi wa Kizungu walimiminika Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, katika ardhi iliyokuwa na wenyewe. Mwaka 1926 reli kutoka Eldoret ikafika hapo, na mwaka huohuo mwanajeshi mmoja aliyeitwa Stoneham akaanzisha makumbusho yake ya wadudu, wanyama na vitabu. Mkusanyiko huo ndio uliokuwa msingi wa makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa mjini humo katika miaka ya 1970. Baada ya uhuru yalikuja makazi mapya ya wakulima, na mji ukawa wa Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu, Wakisii, Wateso na wengineo. Ukitembea sokoni asubuhi moja tu utasalimiwa kwa mulembe, chamgei na ejoka kabla hujafika kwa wauza mitumba.

Na mahindi je? Mwaka 1956 iliundwa huko Kitale kampuni ya mbegu, ambayo shughuli yake ya mwanzo ilikuwa mbegu za nyasi za malisho. Wakati huo watafiti wa Kitale walikuwa wakitafuta mahindi yenye mazao bora zaidi kwa nyanda za juu. Mwaka 1964 ikatolewa mbegu chotara iliyojulikana kama H611. Mzazi wake mmoja alikuwa mahindi yaliyokwisha kukuzwa Kitale. Mzazi wa pili alitoka Ecuador, huko Amerika ya Kusini. Basi lile jibu nililolikosa Siena lilikuwa limelala ghalani kwetu muda wote huo. Ugali tunaouita wetu, na polenta wanayoiita yao, vyote viwili ni watoto wa mmea uliovuka bahari kutoka Amerika.

Bungoma nayo ina yake. Karibu na Webuye kuna kilima cha Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijikinga ndani ya ngome yao dhidi ya majeshi ya Waingereza, wakashindwa kwa umwagaji mkubwa wa damu. Webuye yenyewe iliwahi kuitwa Broderick Falls, kwa jina la mgeni, hali maporomoko ya mto Nzoia yalikuwa na jina lake la Nabuyole. Huko Kimilili ndiko alikotoka Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliyefungwa na wakoloni. Wanafunzi wengi hushangaa wakiambiwa kwamba mtu huyo kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa kandanda aliyeshiriki mashindano ya Kombe la Gossage.

Na zipo kengele. Ifikapo Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, vijana wa Kibukusu wanaotarajia kutahiriwa huzunguka vijijini wakicheza na kugonga chinyimba, kengele zao za chuma, wakiwaalika jamaa na wajomba zao. Mwezi uleule ambao Siena hupanga farasi wake, vijia vya Bungoma hulia. Watalii huvuka mabara kwenda kuyaona ya Siena. Sisi tunaoishi kandokando ya chinyimba huzifungia madirisha tukilalamika kwamba zinatuharibia usingizi.

Hata zile kanuni zisizoandikwa tunazo. Kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni katika nyumba ya Mluhya, firigisi, yaani imondo, haiwekwi katika sahani ya yeyote tu. Ina mwenyewe, na anayeichukua bila ya kustahili hutambuliwa mara moja kuwa mgeni, sawa na yule anayeagiza kahawa ya maziwa mchana. Mgeni katika nyumba zetu haulizwi kama atakunywa chai, kwa kuwa kumuuliza ni sawa na kumwomba akatae. Haya hayamo katika mtihani wowote ninaoufahamu. Hata hivyo mtu asiyeyajua hawezi kusema kwamba anawajua watu wa Bungoma, hata kama ameishi kwao miaka kumi.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaniambia kwamba haya ni mapambo tu, na kwamba nchi ina matatizo makubwa kuliko imondo. Ninawaomba wanistahimili kidogo, kwani hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Trans Nzoia, Bungoma na Mlima Elgon zilikumbwa na mapigano ya kikabila. Watu waliokuwa wameoleana na kuazimana majembe walichomeana nyumba. Kati ya mwaka 2006 na 2008 eneo la Mlima Elgon likatumbukia tena katika umwagaji damu uliotokana na mgogoro wa ardhi ya Chepyuk, na mamia ya watu wakauawa. Nimewafundisha watoto waliopoteza wazazi wao katika siku hizo. Jambo moja nililolibaini ni kwamba wengi wao waliwajua majirani zao kwa njia moja tu: kwa maneno ya wanasiasa majukwaani. Hawakuwahi kula kwao, hawakujua wanavyosalimiana, wala hawakujua wanachokiogopa. Mtu usiyemjua mlo wake ni rahisi kuambiwa kwamba ni adui, nawe ukaamini.

Waitalia hawakuzaliwa malaika. Mwaka 1260 Siena na Florence zilipigana vita vikali mahali paitwapo Montaperti, na maelfu wakafa. Mwaka 1555 Siena ikasalimu amri baada ya kuzingirwa na jeshi ambalo Florence ilikuwa mshirika wake. Hadi leo watu wa miji hiyo miwili hawajasahau. Lakini uhasama wao sasa umebaki katika mizaha, katika kandanda na katika mabishano juu ya mkate. Sidai kwamba ziara za shule ndizo zilizowapatanisha. Historia ni ndefu na ngumu kuliko hivyo. Ninalosema ni kwamba nilimwona mtoto anayejua kwa undani jambo la mtaa wake, na ambaye kwa sababu hiyohiyo aliweza kuuliza kwa upole habari za mtaa wa mwingine. Asiyejua chake huogopa cha mwenzake.

Zipo hoja za kupinga, nami sitazikwepa. Ya kwanza ni kwamba kuwafunza vijana kujivunia mji wao ni kupalilia ukabila. Hofu hiyo ina msingi. Hata Siena, siku za mbio, ngumi hurushwa. Lakini mji si kabila. Kitale haikujengwa na kabila moja, na kijana anayejifunza historia yake kwa ukweli hawezi kuyakwepa majina ya wengine. Ukabila hustawi pale ambapo historia haifundishwi, ikaachiwa wenye vipaza sauti.

Hoja ya pili ni kwamba wanafunzi wanahitaji kuiona dunia, hususan bahari, bandari na jiji kuu. Sikatai. Ila tujiulize kwa uaminifu: tunapowasafirisha usiku kucha hadi Mombasa, tukawapa saa moja ndani ya Fort Jesus na saa mbili ufuoni, kisha tukawarudisha wakiwa wamelala juu ya mabega ya wenzao, wanarudi na nini? Wanarudi na picha. Mimi pia nilikuwa na siku moja Venice, nami nilirudi na picha. Mji huo umechoshwa na wageni wa aina yangu, hata mwaka 2024 ukaanza kuwatoza ada wageni wa siku moja katika baadhi ya siku. Nilipita pale kama maji yapitavyo chini ya madaraja yake. Mzazi aliyeuza gunia la mahindi ili alipe nauli ya Mombasa anastahili kilicho bora kuliko picha.

Hoja ya tatu ni muda na mitihani. Kwa hili nina jibu fupi. Mtaala wetu wa sasa umejengwa juu ya umilisi, na unatutaka tuanzie katika mazingira ya mwanafunzi. Kama mwalimu hawezi kuitumia Chetambe, soko la Chwele au kinamasi cha Saiwa kufundisha historia, biashara na mazingira, basi kosa si la mtaala.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, yasiyohitaji hazina kubwa.

La kwanza, shule za Bungoma na za Kitale zibadilishane wageni. Kikundi cha wanafunzi thelathini kutoka Bungoma kipande matatu kupitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini, kikae Kitale siku mbili na kupokewa na familia za wanafunzi wenzao, na muhula unaofuata wa Kitale waende Bungoma. Familia zichaguliwe kwa uangalifu na wazazi wa pande zote mbili wakubaliane. Mtoto wa Kimilili alale katika nyumba ya Msabaoti, na wa Endebess aamkie kwa Mbukusu.

La pili, kila mwanafunzi awe na daftari la maswali matano, wala yasizidi hapo. Watu hawa husalimianaje? Hula nini siku ya kazi na siku ya sherehe, na nani hupewa nini? Sokoni nani huuza nini, na bidhaa hizo hutoka wapi? Jina la mahali hapa lilitoka wapi? Ni jambo gani lililotokea hapa ambalo wazee hawataki lisahaulike? Akirudi, asiandike insha ya kusifu. Aandike alichokiona, na amsomee aliyempokea kabla ya kuisomea darasa. Mwenyeji akisema "hapo umekosea," hilo ni somo lenye thamani kuliko alama.

La tatu linatuhusu sisi walimu. Hatuwezi kuwaongoza watoto mahali ambapo sisi wenyewe hatujafika. Likizo ijayo, kabla ya mwalimu kutamani tikiti ya ndege, na aitumie siku moja kuketi katika hoteli ya kawaida karibu na kituo cha matatu cha Kitale, anywe chai yake polepole na asikilize. Kisha aende makumbusho, na baadaye amtafute mzee mmoja amuulize jina la kijito kilicho karibu. Mimi nilifanya hivyo huko Webuye. Nilimwamkia bibi mmoja, "Mulembe, kukhu," nikamwomba anieleze habari za Chetambe kama alivyozisikia kwa wakubwa wake. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kwa nini nimekuja nikiwa na mvi. Kisha akanionyesha pa kuketi.

Sikuandika makala haya ili kumkataza yeyote kwenda Italia. Mwanafunzi wangu akipata nafasi hiyo nitamsindikiza hadi kituoni kwa furaha. Nataka tu afike huko akiwa na kitu mkononi. Nataka atakapoulizwa na mtoto wa miaka kumi kuhusu mji wake, asimame wima na kusema: kwetu kuna kilima ambacho watu walikifia mwaka 1895, kuna kengele zinazolia Agosti, na mahindi yetu ni jamaa ya polenta yenu. Kisha naye aulize swali lake.

Mimi mwenyewe nilimwandikia mvulana yule barua baada ya miezi minne. Nilimweleza kuhusu mwaka 1964 na mbegu ya Ecuador. Alinijibu kwa mwandiko mkubwa kwamba amewasomea wenzake darasani, na kwamba mwalimu wao anauliza kama Kitale ina uwanja wa kati ambako watu hutembea jioni. Nimelipeleka swali hilo kwa wanafunzi wangu, nao wamegawanyika. Jumamosi ijayo tutakwenda kuangalia.